Mkuu na Saa ya Chuo

Sijui alizaliwa wapi wala ukoo wake ulianzia kwa nani, na katika miaka yote niliyomfahamu sikutamani kujua. Tulimwita Mkuu kwa kuwa alikuwa mkuu wa chuo, na chuo chenyewe kilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vitambaa pale Usagara, mjini Tanga. Waliomjua zamani walikuwa na jina jingine la kumwita, ila walilitaja wakiwa wameshateremka ngazi. Mimi simtaji kwa jina, na si kwa heshima. Yeye hakumwita mtu jina lake hata siku moja. Mimi nilikuwa Msomi. Kijana aliyekaa karibu na dirisha alikuwa Dirisha. Bi Mwanahawa, mwanamke mtu mzima aliyepunguzwa kazi kiwanda cha mbolea kilipofungwa, Mkuu alimwita Mbolea, mbele ya watu, na yule mama aliitika.

Ukimwamkia, hakuitikia papo hapo. Alimaliza kwanza alichokuwa akikifanya, hata kama ni kufunga kifungo cha shati, ndipo aseme "marahaba" akiwa ameshakupa mgongo. Nilipomuuliza sababu alinijibu, "Shikamoo ni yako. Marahaba ni yangu. Kila mtu na mali yake."

Nilimuuliza mambo mengi, na hilo ndilo lililotufarakanisha tangu wiki ya kwanza. Nilikuwa mwalimu wake wa kompyuta, nimetoka chuo kikuu na shahada yangu mpya na tabia yangu ya zamani. Tangu madrasa nilikuwa nikichapwa kwa kuuliza. Mkuu hakuchapa, ila alikuwa na msemo wake: "Wanasema kuuliza si ujinga. Kweli si ujinga. Ni utovu wa adabu." Darasa likacheka. Nikamwuliza basi mtu atajuaje asichokijua. Akasema, "Atangoja. Jambo likitaka kujulikana litakuja lenyewe."

Nimewahi kukutana na wajinga wengi wenye madaraka. Huyu hakuwa mjinga, na ndiyo maana nilimchukia kwa bidii.

Kabla ya chuo alikuwa bwana ghala. Miaka ile ya shida, sukari na sabuni zilipokuwa zikitoka kwa kibali, ufunguo wa ghala la shirika ulikuwa kiunoni kwake. Mama yangu alisimama kwenye foleni yake na kibali mkononi, mimi nikiwa mgongoni. Nyumbani kwetu kisa hicho kilisimuliwa kama vile nyumba nyingine zinavyosimulia msiba. Mama alifika mlangoni, Mkuu akakitazama kibali, akakirudisha.

"Sabuni zimelala, mama."

"Zimelala vipi, na mimi naziona hapo nyuma yako?"

"Unaziona zilivyolala. Rudi zikiamka."

Makasha yalikuwa yamepangwa hadi darini. Mama alifua kwa majani ya mpapai mwezi ule. Na hapa panakuja jambo ninalolisema bila kupenda: nyumbani kwa Mkuu nako walifua kwa majani ya mpapai. Hakuiba kipande. Maafisa wa shirika walipokuja kumpekua, kwa kuwa kila bwana ghala alipekuliwa, walikuta nguo zimekakamaa kambani kama za jirani. Wapo waliokataa ili wahongwe. Yeye alikataa bure. Mama alikuwa akisema afadhali angekuwa mwizi, maana mwizi unajua bei yake.

Kisha milango ikafunguliwa. Maduka ya Wahindi barabarani yakajaa sabuni za kila rangi, hakuna aliyehitaji kibali tena, na ghala likabaki la popo. Mashirika yakauzwa, viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, na watu wazima wenye ujuzi wa miaka wakawa wanazunguka mjini na vyeti vyao ndani ya bahasha. Mkuu akanunua kompyuta kuukuu za shirika lililokuwa likivunjwa, akapanda nazo ngazi za Usagara, akatundika bango. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuhubiri soko huria. "Siku hizi ni ushindani," alisema, na yeye mwenyewe akaliendesha soko huria lake kama ghala.

Wanafunzi walipanga foleni mlangoni. Waliingia kwa zamu, wakapewa mgao wa kibodi, na mgao ukiisha alikuja nyuma yako akachomoa waya bila kusema neno, hata kama uko katikati ya sentensi. Kompyuta moja ilikaa pembeni siku zote imefunikwa kitambaa cha kudarizi, haigusiki, wakati watu wamesimama wakingoja.

"Hii ni ya nani, Mkuu?"

"Ya akiba."

"Akiba ya nini?"

"Akiba haina ya nini. Ikiwa na ya nini si akiba."

Diski nazo hazikutoka chuoni. Kazi uliyoifanya ilibaki humo, kwa kuwa kitu cha ghala hakitoki bila kibali, na kibali alikitoa yeye, na hakukitoa. Nilimwambia kwamba faili likinakiliwa halipungui. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mtoto akidai kwamba maji ya mtungi hayawezi kwisha.

Lakini ni yeye peke yake mjini aliyewapokea akina Bi Mwanahawa. Vyuo vingine vilitaka vijana waliotoka sekondari, wenye vidole vyepesi. Mkuu alisema kijana akijua kompyuta atakimbilia Dar, mama mtu mzima atabaki hapa Tanga. Hakuwasema kwa upole. Aliwatania kwa viwanda vyao vilivyokufa: Mbolea, Chuma, Katani. Ila aliwapa mgao sawasawa na wa vijana, na mtoto mmoja wa tajiri alipomcheka Bi Mwanahawa kwa kutafuta herufi moja kwa dakika nzima, Mkuu alimchomolea waya, akamwambia, "Wewe unajua herufi ilipo. Huyu anajua anachotaka kuandika. Nenda nyumbani ukatafute cha kuandika." Nilipenda jibu lile. Nilichukia kulipenda.

Sasa nifike kwenye saa.

Mkuu aliweka saa za kompyuta zote kwa hesabu yetu. Jua likichomoza, mashine ilianza kuhesabu. Ikiwa ni saa moja asubuhi, kioo kilionyesha moja, si saba. Ikiwa ni saa nne, kilionyesha nne, si kumi. "Siku ya Mzungu inaanza usiku wa manane," alisema, "wakati walioko macho ni wezi na wagonjwa. Sisi siku yetu inaanza watu wakionana nyuso." Sheikh mmoja aliyekuja kuandikiwa barua alimkumbusha kwamba siku huanza magharibi. "Hiyo ya dini, sheikh," Mkuu akamjibu. "Hii ya kazi." Lazima nikiri kwamba hapa alikuwa na hoja. Kwa nini mtu wa Tanga asome kumi halafu aseme nne, maisha yake yote, akitafsiri kichwani kila anapoinua mkono? Kati ya yote aliyoyafanya pale chuoni, hilo ndilo pekee ambalo sikulihoji. Nalo ndilo lililotuvunja.

Katika chumba cha ndani ilikaa mashine kubwa kuliko nyingine, ambayo wanafunzi waliiita Mama. Nyingine zote zilinyonya kwake: programu, mafaili, kazi za kila mtu, vyote vilikuwa ndani ya Mama. Ndani yake nilikuwa nimeweka mfumo endeshi wa bure, ule unaotengenezwa na watu waliotawanyika duniani na kutumiana kwa simu. Mkuu aliupenda kwa sababu haukuwa na mwenyewe wa kuja kudai chochote. Siku moja nilifanya kosa la kumweleza kwamba watengenezaji wale wana sufuria mbili. Moja ina kilichoiva, ambacho watu hukitumia. Nyingine bado iko mekoni, wanaonja na kuongeza chumvi, na wenyewe wanaonya: anayekula hiki asilaumu mtu.

Mwezi huohuo chuo kingine kilifunguliwa ng'ambo ya barabara, kikatundika bango lililoandikwa TEKNOLOJIA MPYA. Mkuu akamwita mchora mabango. Kabla sijaambiwa lolote, chini ya jina letu palikuwa pameandikwa kwa rangi nyekundu: TOLEO AMBALO BADO HALIJATOKA.

"Mkuu, hicho ni cha majaribio. Hakijaiva."

"Kilichoiva wanacho hata wale wa ng'ambo."

"Kikikwama?"

"Utakikwamua. Si ndiyo shahada yako?"

"Tungoje basi Bi Mwanahawa aonyeshe kazi yake kwanza."

"Ataionyeshea kwenye toleo jipya. Itang'aa zaidi."

Hili la Bi Mwanahawa lilikuwa zito kuliko bango. Wakala mmoja wa forodha, Mhindi wa mjini mwenye ofisi karibu na bandari, alitaka karani wa kompyuta. Bi Mwanahawa alikuwa ametumia miezi kutengeneza jedwali la kufuatilia mizigo, meli hadi lori, kwa jinsi alivyokuwa akifuatilia magunia kiwandani. Wakala alisikia habari zake, akasema atakuja chuoni Jumatatu aione kwa macho yake. Jumatatu, si Jumanne, kwa sababu kijana wa shemeji yake alikuwa akiingojea nafasi hiyohiyo, na nyumbani kwake alishaanza kunung'unikiwa. Bi Mwanahawa alikuwa na watoto, na mume aliyepunguzwa kazi naye, ambaye tangu siku ile hakutoka tena kitandani mpaka adhuhuri. Hakuwa na njia nyingine. Na jedwali lilikuwa ndani ya Mama, kwa kuwa diski hazitoki.

Nilianza kazi Jumatano. CD niliyotumiwa na rafiki ilikuwa na mfumo wenyewe, lakini kulikuwa na marekebisho mapya ya kuchukua kwa simu, na simu yenye modemu ilikuwa kwa wakala yuleyule. Aliniruhusu kuitumia asubuhi. Nikachukua mafaili ya marekebisho, nikayatia kwenye diski, nikapanda nayo ngazi, nikayapakia kwa Mama na kuanzisha ujenzi. Mfumo wa namna ile haumiminwi tu kama maji. Mashine inaujenga yenyewe, kipande kwa kipande, na mistari inapanda kwenye kioo kwa kasi kuliko jicho. Ulikwenda vizuri mpaka mahali fulani. Halafu mistari ikaanza kufanana na iliyopita. Ilifika palepale, ikarudi mwanzo wa sehemu ileile, ikafika tena palepale, ikarudi. Hakukuwa na kosa wala kengele. Ilizunguka tu, kama ng'ombe wa kinu cha mafuta.

Saa kumi alasiri Mkuu alikuja akazima umeme. Saa kumi chuo kilifungwa, hata kama nyumba inaungua.

"Iko katikati, Mkuu."

"Na mimi niko katikati ya kufunga."

Mama sasa alikuwa nusu wa zamani nusu mpya. Aliwaka, lakini hakunyonyesha. Mashine zote za chuo zilikaa vioo vyeusi.

Alhamisi nilishuku diski. Tanga kwa unyevu wake, diski huota ukungu kama mkate. Nikarudi kwa wakala, nikayachukua mafaili upya kwenye diski mpya. Ikazunguka vilevile. Ijumaa nilishuku kumbukumbu ya mashine, nikafungua kifuniko, nikavuta vibao vyake kimoja kimoja na kuvibadilisha na vya ile mashine ya akiba, ambayo Mkuu alinikubalia kuifunua baada ya kunisimamisha kwa muda mrefu. Kwa usalama nikachukua mafaili upya tena asubuhi ile. Ikazunguka. Nikashuku CD. Nikashuku waya. Nikawashuku watengenezaji, nikasoma onyo lao lote kuanzia juu. Wakala aliponiona kwenye modemu yake kila siku alisema kwa upole, "Binti, mimi simkimbizi mtu. Lakini Jumatatu ikipita, mke wangu atachagua karani."

Mkuu alikaa nyuma yangu muda wote kwenye kiti cha mbao. Hakujua chochote kuhusu kilichokuwa kwenye kioo, na hilo halikumnyamazisha. "Mashine haiharibiki," alisema. "Inagoma. Kilichoharibika kinatupwa, kilichogoma kinatakiwa kusemeshwa." Kisha akaisemesha, kwa sauti ileile aliyomsemeshea mama yangu mlangoni kwa ghala. Bi Mwanahawa alikuja kila siku, akakaa ukutani na mkoba wake magotini, hauliziulizi.

Jumamosi nikayachukua mafaili upya tena, kisha nikachoka kusoma. Niliamua kulinganisha mafaili yangu na yaliyo kwa Mama, moja moja, kwa kuyaandika kwenye karatasi: jina, ukubwa, saa ya kuandikwa. Sikusoma tena. Niliandika tarakimu zilivyo, kama mtu anayenakili lugha asiyoijua. Na nilipotazama karatasi nikaona kumi, na pembeni yake nne, zimekaa kwenye mstari mmoja.

Faili nililolichukua kwa wakala asubuhi ile lilikuwa na kumi. Saa ya kwa wakala ni ya kawaida. Saa ya Mama, nilipokuwa nikipakia, ilisema nne, ikielekea tano. Nilikuwa nimeziona namba hizo siku zote, na kila nilipoona kumi, kichwa changu kilisema saa nne, kama kilivyofanya tangu utotoni. Na nilipoona nne ya Mama, kichwa kilisema saa nne. Zote mbili zilikuwa saa nne. Hakuna Mzungu ambaye angeweza kulikosa jambo lile. Lilihitaji mtu wa kwetu.

Lakini Mama hakuwa mtu wa kwetu. Ujenzi ule unafanywa kama upishi. Mashine inatazama kitoweo na viungo vyake: ikiwa viungo ni vipya kuliko kitoweo, inakimwaga na kupika upya. Viungo vyangu vilikuwa na saa ambayo kwa Mama haijafika bado. Kila alipomaliza kupika akaangalia, viungo vilikuwa vipya kuliko chungu, akamwaga, akaanza tena. Na mimi kila asubuhi nilimletea viungo vingine vya saa ambayo haijafika, na saa kumi Mkuu akamzima kabla haijamfikia.

Niligeuka. Darasa lilikuwa limejaa, maana siku ya Jumamosi walikuja wote.

"Mkuu, nimeuona ugonjwa. Ni saa."

"Saa gani?"

"Saa ya chuo. Iko nyuma."

Akatazama kioo, kisha akatazama ukutani, kisha akavuta mkono wa shati.

"Kwenye mashine ni saa ngapi?"

"Saa tano na robo."

"Mkononi kwangu ni saa ngapi?"

Nikajua ninakopelekwa, na sikuwa na pa kukimbilia. "Saa tano na robo."

"Na nje huko, muadhini akitazama saa yake, ni saa ngapi?"

"Tano na robo, Mkuu, lakini..."

"Basi iko nyuma ya nini?"

Walicheka mpaka Dirisha akashika ukuta. Nikaeleza habari za kitoweo na viungo. Nilieleza vizuri, nadhani. Nikasema mashine haijui hesabu yetu.

"Ndiyo nimeifundisha," akasema Mkuu.

"Sihitaji hata kuigusa saa yako. Nipe dakika moja niyape mafaili yale saa ya chuo, basi."

"Ulisema ni saa. Sasa si saa?"

Bi Mwanahawa akasimama. "Mkuu, mwache afanye. Jumatatu ndiyo hiyo."

"Mbolea, kaa."

"Nimekaa tangu Jumatano, baba."

Nikasema nilichokisema. Nilisema hapa si ghala, na kwamba amezoea kukalia funguo mpaka anadhani hata saa imelala na itaamka akitaka yeye. Sikulitoa kwa hasira. Lilikuwa limekaa nyumbani kwetu kwa miaka mingi likingoja mdomo. Uso wake haukubadilika. Alikuja akasimama kati yangu na kibodi, mwili wake wote, akanyoosha mkono kuelekea mlangoni.

"Toka."

"Mkuu, ni dakika moja..."

"Toka, Msomi. Chuo kimefungwa."

Akawatoa wote, akafunga, akaweka ufunguo kiunoni. Sikurudi tena pale.

Ya Jumatatu nilisimuliwa na Bi Mwanahawa mwenyewe, jioni, alipokuja kwetu na kukaa barazani na mama yangu. Mkuu alifungua asubuhi, akamwasha Mama kwa amri niliyokuwa nimeiacha imeandikwa kwenye ubao. Mafaili yale ya Jumamosi sasa yalikuwa yamezeeka, saa yao ilikuwa imefika na kupita. Hayakumsumbua mtu. Ujenzi ulipita pale ulipokuwa ukirudi, ukaendelea mbele kama mtu aliyeamka na afya yake. Lakini ni kazi ya nusu siku. Wakala alifika saa tatu, akakuta mistari inapanda kiooni.

"Kazi ya mama huyu iko wapi?"

"Inakuja," akasema Mkuu.

"Inakuja lini?"

"Ikimaliza."

Wakala alisimama kidogo, akatazama mistari, akamtazama Bi Mwanahawa, akasema samahani mara mbili, akashuka ngazi. Baada ya adhuhuri Mama alimaliza. Jedwali lilikuwa lipo zima, halikupoteza hata mstari. Mkuu akasimama mbele ya darasa akasema, "Mmeona? Haikuwa saa. Ilimkataa mtu." Na wote wakaamini, kwa nini wasiamini? Alinitoa mimi, mashine ikapona. Mimi mwenyewe, kama ningekuwa mwanafunzi, ningetoa hitimisho lilelile.

Kijana wa shemeji akapata kazi.

Nilikaa Dar miaka kadhaa baada ya hapo. Nilimsimulia Mkuu kwa watu wengi, katika ofisi nyingi, na kila mara walicheka nilipofika kwenye muadhini. Niliposikia chuo kimekufa, kilivyokufa cha ng'ambo na vingine vyote vya namna ile, sikusikitika. Nilisema sabuni zimelala.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Pongwe, karibu na kuingia Tanga. Nilikuwa nikirudi nyumbani kwa Idi, gari likapata pancha, tukaambiwa tutafute chai. Kando ya barabara palikuwa na kibanda cha chakula, benchi mbili na meza, watu wa machimbo ya mawe wamejaa, na aliyekuwa akigeuza chapati alikuwa Bi Mwanahawa. Alinikumbatia na mikono ya unga. Kwenye mwisho wa benchi, sahani ya maharage mbele yake, alikaa Mkuu. Alikuwa amekonda, shati limekuwa la mtu mwingine.

Nilikaa mbele yake, mahali pekee palipokuwa wazi.

"Msomi," akasema.

"Unakula hapa?"

"Unaona ninakula."

Nikamgeukia Bi Mwanahawa. "Unamlisha mtu huyu?"

"Anakula kama wengine," akasema, macho kwenye kikaango.

"Huyu mama angekuwa karani bandarini leo," nikamwambia Mkuu. Nilisema kwa sauti ya kusikika, na wachimbaji wawili waliacha kutafuna. "Kazi yake ilikuwa ndani ya mashine, nzima. Dakika moja ilitosha. Sema leo basi, hakuna darasa hapa. Ilikuwa saa au haikuwa?"

Alikata chapati. "Una maswali bado."

"Jibu."

"Mwanangu," Bi Mwanahawa akasema, "Jumanne ile alikwenda kwa wakala. Akakaa kwenye benchi la wapagazi tangu asubuhi mpaka ofisi inafungwa, anamwomba anichukue. Jumatano akaenda tena. Nilikuja kuambiwa na wapagazi. Yule Mhindi alimwambia hawezi, kijana ameshakaa kwenye kiti."

Sikuwa na taarifa hiyo. Nilijaribu kumwona Mkuu kwenye benchi la wapagazi, akimwomba mtu kitu, na sikuweza, kama mtu anayejaribu kuiona nyumba yake kutoka upande ambao haujawahi kuwa na njia.

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa nani?"

"Kwangu. Kwa darasa. Kwa yeyote."

"Uliniuliza?" Sasa aliinua macho, na yalikuwa yaleyale ya mlangoni pa ghala. "Wewe huulizi, Msomi. Wewe majibu unatembea nayo mfukoni. Unazunguka unatafuta mtu wa kumtolea."

"Na ulimkosesha kazi."

"Nilimkosesha. Na wewe ulijua dawa ya dakika moja, ukaanza na ghala."

"Nilikuomba dakika hiyo. Ulinisimamia mbele."

"Uliniomba baada ya kunitukana au kabla?"

"Kabla. Kabla, Mkuu, na watu wote walisikia."

"Wote walikuwa wakicheka."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na mengi ya kusema, na yote yalikuwa kweli, na naye aliweka chapati chini na kujiweka sawa kwenye benchi kama mtu aliyerudishiwa kazi aliyoikosa kwa muda mrefu. Bi Mwanahawa alikuja na kitambaa, akapangusa meza katikati yetu, taratibu, mpaka tukalazimika kuinua viwiko. Nyuma yake walikuwa wamesimama wachimbaji wengine, vumbi la mawe hadi kwenye nyusi, wakitazama benchi.

"Ile kazi ilikuwa yangu," akasema. "Si yako Mkuu, na si yako wewe mwanangu. Kama hamli, nipisheni. Watu hawa wana njaa."